Kabla ya kiwanja, daftari: neno kwa wavuta kebo wa Point

Jioni ukipita barabara ya Mahatma Gandhi hapa Durban, ile ambayo wengi bado wanaiita Point Road, utawasikia vijana wetu wakiulizana: "Leo mmepiga pointi ngapi?" Mgeni anaweza kudhani wanazungumzia mpira. Pointi ni tundu moja la mtandao ukutani, pale mtu wa ofisi anapochomeka kompyuta yake, au kule darini kamera inapofungwa, pamoja na kebo yake yote mpaka kwenye raki. Vijana wanalipwa kwa pointi. Wiki hii tunataka kusema juu ya malipo hayo, na tutasema jambo ambalo wengine hawatalipenda: anayevuta kebo, hela ya kwanza anayofanikiwa kuweka asiikimbize kwenye kiwanja nyumbani. Aitumie kwenye karatasi zake.

Kilichotufanya tuandike ni ndugu mmoja wa Uvira aliyekuja kwetu mwezi uliopita. Alitaka tumpigie hesabu kama ataweza kupaua nyumba yake kabla ya mvua. Kuta zimefika linta, bado bati. Miaka mitatu amevuta kebo: maghala ya zamani ya Point yaliyogeuzwa ofisi na fleti, hoteli za upande wa South Beach, stoo mbili tatu karibu na bandari. Tukamuuliza kwa nini haombi kufanya mtihani wa ufundi, maana kwa miaka hiyo na ujuzi huo angeweza kuanza safari. Akasema ushahidi wake wote ulikuwa kwenye simu, picha za raki, za ubao wa umeme, meseji za bosi akimtuma saiti. Simu imekwapuliwa. Bosi wake wa mwanzo hapatikani kwa namba ile, na kampuni yake imefungwa ikafunguliwa kwa jina jingine. Tulikaa kimya kidogo. Kwa karatasi, mtu huyu hajawahi kushika kebo maishani mwake.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo kazi yetu. Tunashika vitabu vya wakandarasi wadogo kadhaa, kwa hiyo tunaona pande zote mbili: anachotozwa mteja na kinachomfikia aliyepanda ngazi.

Chukua mfano, na namba tunaziweka sisi ili hesabu ieleweke, si bei ya soko. Mko wawili, mnalipwa randi 60 kwa pointi, mnagawana. Siku nzuri, jengo jipya, trei za kebo zimeshafungwa, dari inafunguka: pointi 10. Randi 600, kila mmoja 300, unarudi nyumbani unapiga mluzi. Siku mbaya, ghala la zamani, ukuta wa matofali mazito, kutoboa tu kunakula asubuhi nzima: pointi 4, kila mmoja 120. Halafu kuna ile siku mnafika saa moja asubuhi, maboksi ya kebo hayajaletwa, mnakaa juu ya ndoo za rangi mpaka jioni. Sifuri. Wiki ya siku sita yenye siku tatu nzuri, mbili mbaya na moja ya kukaa ni randi 1,140. Kwa siku saa 9 za kazi, chakula ukiondoa, jumla ni saa 54. Gawanya: randi 21.11 kwa saa.

Kima cha chini cha mshahara cha taifa kilichoanza 1 Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na kwa kiwango hicho tunapiga hesabu. Saa 45 za kawaida ni 1,295.55. Zile 9 za ziada zinalipwa mara moja na nusu, zinaongeza kama 388. Jumla inapita 1,680. Kumbe kijana aliyekuwa anapiga mluzi Jumatatu amepunjwa zaidi ya randi 540 wiki hiyo, na yeye mwenyewe hajui, kwa sababu anakumbuka siku ya 300 na kuisahau siku ya ndoo.

Bosi atasema, "Wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni sabu." Tunalisikia sana hilo. Lakini sheria ya kima cha chini ya 2018 inamtaja mfanyakazi kuwa mtu yeyote anayemfanyia mwingine kazi kwa malipo, na kulipwa kwa kipande hakukuondoi humo. Ukifanya kazi chini ya saa nne kwa siku, unalipwa za saa nne, yaani randi 115.16 kwa kiwango kile cha 2025. Kazi za umeme zina na baraza lake la majadiliano ya mishahara, na viwango vyake ndivyo vya kuuliza kwanza ukiwa chini ya mkandarasi wa umeme. Na kwa asiye na kibali kilichonyooka: mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua katika kesi ya kampuni ya Discovery Health kwamba kukosa kibali halali hakumfanyi mtu asiwe mwajiriwa mbele ya sheria ya kazi. Kufungua shauri CCMA hakuna ada. Tunajua, kuwa na haki na kulala usingizi ni vitu viwili tofauti, na hali ya mitaani tunaiona wote. Hatumlazimishi mtu kwenda kushtaki. Tunachosema ni kwamba huwezi hata kuzungumza na bosi mkiwa wawili chini ya mti kama hujui umefanya saa ngapi.

Jambo la pili ambalo vitabu vinatuonyesha ni pointi zilizofeli. Mteja mkubwa halipi kwa kuona taa ya kijani kwenye kompyuta. Anataka ripoti ya testa, kila kebo na jina lake, imepita au imefeli. Anayeshika testa na kusaini ripoti ndiye mwenye hela nzuri kwenye ankara. Anayevuta ndiye anayekatwa pointi ikifeli, na kurudia ni bure.

Kwa hiyo ufundi ni mshahara. Ndani ya kebo ya Cat6 mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na msokoto ule ndio unaozuia kelele kati ya jozi na jozi. Ukiivuta kwa nguvu ya kukamua nguo, unaukunjua. Kiwango ni nyutoni 110, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 11 hivi, basi. Kona isiwe kali kuliko mara nne ya unene wa kebo. Unapofunga mwisho, usifumue msokoto kupita kiasi ili tu vidole vipate nafasi. Kutoka kwenye paneli hadi tundu la ukutani isizidi mita 90, na pamoja na vile vipande vya kuunganishia pande zote mbili isizidi 100. Usiilaze pamoja na nyaya za umeme kwenye trei moja bila kizuizi kwa kuwa tu ndiyo njia fupi. Vijana wengi wanayajua haya kwa mikono, ila hawajui kuyasema, na mbele ya mtahini kutoyasema ni kutoyajua.

Kuna na kufeli kusiko kwako. Sokoni zipo kebo ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi, ni nyepesi, boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Zinakatika upesi, na kamera zinazokula umeme kupitia kebo hiyohiyo huzichemsha. Kipimo kinafeli na wa kwanza kuangaliwa ni aliyevuta. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, piga picha ya waya, piga picha ya boksi, mtumie msimamizi kwa meseji siku hiyohiyo kabla hujavuta hata mita moja. Ndugu mmoja alifanya hivyo kwa sababu tu ni mbishi kwa tabia, na mwisho wa mwezi hakukatwa chochote wakati wenzake walikatwa.

Point ina adui mwingine, chumvi. Upande mmoja bandari, upande mwingine Bahari ya Hindi, hewa yenyewe inakula chuma. Trei za mabati zinapata kutu, skrubu za ubao wa umeme zinaota ukungu wa kijani, unganisho linalegea, linapata moto. Hapo ndipo kazi ya data inapogusana na kazi ya umeme, na ndipo watu wanapoumia. Kebo ya data haihitaji kile cheti cha uthibitisho kinachotakiwa kwenye umeme, ndiyo maana mlango wake uko wazi kwa kila mgeni. Lakini chumba cha raki kina UPS, kina betri, kina laini ya jenereta, mara nyingi umeme wa njia tatu. Bosi anasema, "Wewe si unajua nyaya? Hamishia na ile soketi." Unafungua ubao ambao umezimwa kwenye gridi, kumbe jenereta au inveta inaulisha kwa nyuma. Zima, funga kwa kufuli, kisha pima kabla ya kugusa, hata kama bosi anaangalia saa.

Ukiumia, mfuko wa fidia wa COIDA unakuhusu, mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7. Kabla ya kuingia saiti uliza kitu kimoja: mkandarasi wako ana barua ya msimamo mzuri kutoka kwenye mfuko huo? Wakandarasi wakubwa huwadai wadogo barua hiyo, nasi tunazichapisha kila mwaka, kwa hiyo si siri. Na dada zetu wa majumbani msidhani haya ni ya wanaume wa saiti peke yao. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 19 Novemba 2020, katika kesi ya Mahlangu, mfanyakazi wa nyumbani naye yumo kwenye fidia hiyo. UIF vilevile: asilimia 1 yako, asilimia 1 ya mwajiri, na tangu 2018 haiwaachi wageni nje. Mwambie mwenye nyumba akuonyeshe alikokuandikisha.

Kuna msomaji atauliza, kazi yenyewe itadumu mpaka niihangaikie karatasi? Tumejiuliza pia. Mwaka 2023 mgao wa umeme ulikuwa mbaya kuliko miaka yote, na serikali ikawaruhusu wafanyabiashara waliofunga sola kati ya 1 Machi 2023 na 28 Februari 2025 kukata kwenye mapato yanayotozwa kodi asilimia 125 ya gharama. Kila duka, kila kiwanda, kilitaka paneli na betri. Vijana waliitwa usiku na mchana. Halafu tangu 26 Machi 2024 mgao ukanyamaza zaidi ya siku 300, na simu zikanyamaza pamoja nao. Walioendelea kuitwa, kwa tunavyoona kwenye vitabu, ni wale wenye jina kwenye karatasi fulani. Wengine tuliwaona wakirudi kulinda magari ufukweni.

Mtandao wenyewe hauendi popote. Julai 2021 wadukuzi walipoishambulia mitambo ya kompyuta ya Transnet, bandari ya Durban ilishindwa kuhudumia makontena kama kawaida kwa siku kadhaa, kreni zikiwa zimesimama palepale nzima. Na wengi mnakumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, siku ya akina mama, tulivyokuwa tunapiga simu nyumbani na picha inaganda. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika kaskazini ya hapa. Zote mbili zinapanda nchi kavu Mtunzini, pwani hiihii ya KwaZulu-Natal. Kenya, Tanzania na Uganda zikabaki na intaneti ya kudonoa. Meli ya kutengeneza ilitafutwa upesi. Zile mita 90 za mwisho, kutoka raki hadi mezani kwa mtu, zinatengenezwa na watu wetu kwa bei ya pointi.

Basi, karatasi gani? Afrika Kusini ina njia inayoitwa ARPL, ya kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini bila kupita chuo. Unapeleka ushahidi wa miaka yako, unapimwa, ukiiva unafanya mtihani wa ufundi wa fundi umeme, ukishinda unapata cheti chao cha Red Seal. Juu ya hapo, chini ya kanuni za 2009, kuna kuandikishwa Wizara ya Ajira na Kazi kwa ngazi tatu, ya kwanza ikiwa ya kupima mitambo ya njia moja. Hao ndio wenye mamlaka ya kusaini cheti cha uthibitisho. Mwenye cheti cha VETA au NITA asikiache kwenye sanduku kwa mama. SAQA ndiyo inayopima vyeti vya nje. Upande wa data kuna mafunzo ya watengenezaji wa kebo wenyewe, ya siku chache, na bila mafundi waliopita huko mkandarasi hawezi kumpa mteja ile dhamana ya miaka mingi. Mwombe bosi akupeleke. Akikataa, jilipie.

Haya yote yana gharama na yote yanaanza na ushahidi, ndiyo maana tunalia na daftari. Tarehe, jengo, saa ya kuingia na kutoka, pointi zilizopita na zilizofeli, ulichofanya kwa maneno yako, jina la msimamizi na sahihi yake. Picha usiziache kwenye simu tu, jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa. Kazi ikiisha, omba barua ya mistari mitatu wakati bosi bado anacheka na wewe, usingoje mgombane.

Tukiwa kwenye karatasi: vipande vya shaba vinavyobaki saiti. Tunajua vinauzwa, na tunajua kilo moja inalipa mlo. Nchi hii imechoka kuibiwa nyaya mpaka Novemba 2022 ikapiga marufuku kupeleka shaba chakavu nje, na sheria ya 2015 imeweka vifungo vizito kwa wanaoharibu miundombinu. Mgeni akikutwa na begi la nyaya Point saa tatu usiku, nani ataamini kwamba alipewa? Ukipewa, upewe kwa barandishi. La sivyo viache palepale.

Sasa la kutuma. Afrika Kusini kwa miaka mingi imekuwa nchi ghali kuliko zote za kundi la G20 kwa kutuma hela nje, kwa takwimu za Benki ya Dunia. Kwa hiyo kutuma kidogo kidogo mara nne kwa mwezi, mara nyingi unalipia safari nne. Ya chakula na ada za shule haijadiliwi, itaenda. Tunayoijadili ni ile ya tofali. Mama anapiga simu, jirani amepaua, wewe uko Afrika Kusini na huna hata bati. Inauma, sisi wenyewe tumejenga kwa aibu ya jirani. Lakini kuta za linta zinaweza kungoja mwaka mmoja, zimezoea mvua. Umri wa kupanda ngazi hauna subira hiyo, na magoti yanajua.

Ng'ambo ya mlango wa bandari, ukisimama Point ukatazama Bluff, ndiko walikowekwa Wazanzibari wa Durban, wengi wao Wamakua, waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa na kuletwa hapa kuanzia 1873 kufanya kazi za mkataba. Watu wa pwani yetu kuuza nguvu za mikono mahali hapa hatukuanza sisi. Wao mkataba waliandikiwa na wengine.

Ndugu mmoja wa Tanga, tunayemfahamu miaka minne, ameandika daftari tatu za shule. Alipeleka, akapimwa, akafanya mtihani, akafeli sehemu ya kuwasha na kudhibiti mota, kitu ambacho hakuwahi kukigusa kwenye majengo ya ofisi. Hela ya mtihani ikaenda na maji. Mke wake alinuna mwezi mzima. Sasa Jumamosi anakwenda kumsaidia bure fundi wa pampu ili ajifunze, na amejiandikisha tena.

Yule wa Uvira tulimpa daftari siku ileile, hatukumpigia hesabu ya bati. Wiki iliyopita alitutumia picha ya ukurasa wa kwanza. Pointi 6, zote zimepita. Saa 8 na nusu. Mahali pa sahihi ameandika mwenyewe: msimamizi amekataa, kasema nirudi Jumatatu.